Kutambua matumbawe ya kale kwenye vijito vya bara: mwongozo kamili kwa ukanda wa Kilifi, Kwale na Tanga

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu yuko kijitoni, kilomita ishirini kutoka ufukweni, anaokota jiwe lililotoboka-toboka na kusema: tumbawe hili, bahari ilifika hapa. Akilipeleka kwa mjuzi anaambiwa ni murramu, au gome la chokaa ya maji baridi, au kipande cha zege kilichoviringishwa na mto. Na tumbawe halisi alilikanyaga hatua mbili nyuma. Hakulitazama kwa sababu lilikuwa zito, laini, rangi ya majivu, bila tundu hata moja.

Tatizo ni kutafuta matundu. Matundu ya tumbawe la kale mara nyingi yamekwisha kuzibwa na chokaa. Kinachobaki ni mpangilio: vikombe vilivyojipanga, na ndani ya kila kikombe kuta nyembamba zinazotoka ukingoni kuelekea katikati, mithili ya spoku za baiskeli. Basi usitafute matundu, tafuta spoku. Hatua zote zilizo hapa chini zinakusaidia kuziona spoku hizo, au kujiridhisha kwamba hazipo.

Kijito kinachozungumziwa hapa ni cha maji baridi yanayotoka bara. Si hori kama la Tudor, Mtwapa au Kilifi, ambako maji ya bahari huingia na kutoka, na mwamba wa matumbawe huonekana wazi.

## Vifaa

- Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Kamera ya simu haitoshi peke yake. Hufaa kwa kumbukumbu, si kwa kuhesabu spoku.
- Chupa ya kupuliza maji, nusu lita.
- Mswaki mkuukuu wenye nywele ngumu.
- Siki nyeupe ya dukani, mililita 100, na kitoneshi.
- Msumari wa chuma wa inchi 4.
- Rula yenye milimita.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, jagi la plastiki na uzi.
- Msasa wa maji namba 120, 220, 400 na 800, karatasi moja moja, na kipande cha kioo kinene au kigae bapa cha kuuwekea.
- Miwani ya kukinga macho, barakoa, glavu, viatu vya mpira virefu.
- Penseli, daftari, mifuko ya plastiki, simu yenye GPS.

Usitumie asidi ya betri badala ya siki. Ni hatari kwa macho na ngozi, na zaidi ya hapo hudanganya: asidi hiyo ikigusa chokaa hutengeneza ukoko wa jasi unaozuia viputo, nawe ukadhani jiwe halina chokaa. Dawa ya choo nayo iache. Ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini.

## Hatua ya 1: Usome mto kuelekea juu

Kabla ya kuinama, jiulize maji haya yamepita juu ya miamba gani. Mto hauwezi kuleta jiwe ambalo haliko juu yake. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

Chukua mfano wa mstari wa kutoka Mombasa kwenda Mariakani. Ufukweni kuna mwamba wa matumbawe wa enzi ya Plaistosini. Sehemu yake ya juu huhusishwa na kipindi cha miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita 6 hadi 9. Nyuma yake kuna michanga, ikiwemo ile myekundu iitwayo michanga ya Magarini. Kisha yanakuja mawe ya matope ya Mtomkuu, yanayomenyeka kama kurasa za kitabu. Baada ya hapo ndipo unakutana na jiwe la chokaa la Kambe, la katikati ya enzi ya Jura, umri wake kati ya miaka milioni 165 na 171 hivi. Ukizidi kwenda bara unakuta jiwe la mchanga la Mazeras, halafu la Mariakani, halafu matabaka ya Maji ya Chumvi na Taru.

Kwa hiyo tumbawe la kale la bara katika ukanda huu linategemewa hasa pale kijito kinapokata jiwe la chokaa la Kambe au kinapotoka humo: maeneo ya Kambe, Ribe, Jibana, Mwarakaya na Chasimba. Upande wa Tanga, mwamba wa chokaa wa Jura ndio wenye mapango ya Amboni, na mto Mkulumuzi unapita humo humo.

Na ukiokota tumbawe Mariakani au zaidi ya hapo, hakuna mwamba wa kulitoa. Limebebwa na mtu.

Utajuaje umefaulu: unaweza kuandika sentensi moja ya aina hii kabla ya kuokota chochote: "Kijito hiki kinaanzia kwenye jiwe la mchanga, kinakata chokaa kwa kilomita mbili, kisha kinaingia kwenye mawe ya matope."

## Hatua ya 2: Nenda wakati na mahali panapofaa

Wakati mzuri ni kiangazi, Januari na Februari, maji yakiwa yamepungua. Mara baada ya masika napo panafaa, kwa kuwa mafuriko yamegeuza kokoto na kuosha tope, ila ngoja maji yatulie. Mvua ikinyesha milimani wewe ukiwa kwenye jua, kijito chembamba kinaweza kujaa ghafla. Maji yakibadilika rangi au yakianza kuleta majani, toka kwenye korongo papo hapo.

Tafuta upande wa ndani wa kona ya mto, ambako maji hupunguza kasi na kulundika kokoto. Anza na mawe ya sentimita 5 hadi 20. Madogo kuliko hayo yamesagika mno. Makubwa kuliko hayo yasome pale pale yalipo.

Maji yaliyotuama yana konokono wa kichocho, kwa hiyo usiingie bila viatu vya mpira, na usinawe uso kwa maji ya kijito. Kwenye mito mikubwa ulizia mamba kwa wenyeji kabla ya kushuka.

Misitu ya makaya imesimama juu ya miamba hii hii. Kaya Kambe, Ribe, Jibana na za Rabai ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Humo haingii mtu bila idhini ya wazee wa kaya, wala jiwe halitolewi. Kijito kikipakana na kaya, kawaone wazee kwanza.

## Hatua ya 3: Osha, lowesha, tazama kwa mwanga wa pembeni

Sugua jiwe kwa mswaki na maji hadi ukungu na tope viishe. Puliza maji safi juu yake, kisha ligeuze polepole ukiwa umeliweka ili mwanga ulipige kwa ubavu, saa mbili asubuhi au saa kumi jioni. Jua la saa sita hufuta vivuli vyote.

Jiwe likiwa kavu, vumbi hutawanya mwanga na kila kitu kinaonekana kijivu. Likilowa, chokaa iliyojaza vikombe huwa na rangi tofauti kidogo na kuta zake, na ghafla ua linatokea. Muda wa kuliona ni sekunde 20 hadi 40 kabla halijakauka, basi lowesha tena na tena.

Unachotafuta ni kujirudia. Umbo lile lile, ukubwa ule ule, nafasi ile ile, likienea juu ya uso. Tundu moja kubwa, dogo pembeni, jingine limepinda: hiyo si kazi ya kiumbe aliyejenga nyumba zake kwa kipimo kimoja.

Usilipasue jiwe kwa nyundo katika hatua hii. Jiwe la chokaa hupasuka linakotaka lenyewe, na ukipoteza uso ulioliwa na maji umepoteza mara nyingi picha bora kuliko zote. Maji ya mto yenye asidi kidogo hula chokaa pole pole na kuziacha spoku zimesimama.

## Hatua ya 4: Siki na msumari

Kwanza kwangua sehemu ndogo kwa msumari upate unga, mahali pasipo na picha nzuri. Tonesha siki matone mawili au matatu juu ya unga huo na utazame kwa lenzi kwa dakika moja.

Viputo vingi vidogo maana yake ni chokaa. Viputo hafifu vinavyotoka kwenye unga tu, jiwe lenyewe likibaki kimya, huenda ni dolomaiti, chokaa yenye magnesiamu. Bila viputo kabisa, jiwe ni la silika (madini yanayounda mchanga) au la madini mengine.

Kwa nini unga wa ndani na si uso? Mawe yaliyolala kwenye kijito cha chokaa hupakwa vumbi la chokaa kwenye vinyweleo vyake. Ukitonesha siki juu ya uso wa jiwe la mchanga lisilo na chokaa hata chembe, litatoa viputo, na utaondoka na jibu la vumbi.

Sasa msumari. Kalisaiti, yaani madini ya chokaa, ina ugumu wa 3 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kwatsi (ambayo ni silika) 7, na msumari wa kawaida uko katikati. Msumari ukichora mtaro, jiwe ni laini. Lakini angalia: jiwe gumu hukwangua msumari na kubaki na mstari wa kijivu unaofanana kabisa na mtaro. Upanguse kwa kidole gumba kilicholowa. Ukifutika, ulikuwa ni chuma cha msumari.

Matumbawe mengi ya ukanda huu yatatoa viputo na kuchorwa. Hata hivyo kukosa viputo kusikufanye ulitupe jiwe lenye vikombe dhahiri. Yapo matumbawe duniani ambayo silika imechukua nafasi ya chokaa yote. Ya Florida ni maarufu kiasi kwamba jimbo hilo liliyafanya jiwe lake rasmi mwaka 1979.

Utajuaje umefaulu: daftarini una maneno mawili, kwa mfano "viputo vingi, laini", na umeyapata kwa kupima sehemu iliyokwanguliwa.

## Hatua ya 5: Pima uzito kwa ujazo

Tumbawe la juzi ni jepesi, kwa sababu nusu yake ni hewa. Tumbawe la Jura lililozibwa ni zito kama jiwe jingine lolote la chokaa. Kipimo hiki hakikuambii kama ni tumbawe. Kinakuambia limepitia nini.

Pima jiwe kavu na uandike gramu. Weka jagi la maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote bila kugusa chini wala ukuta wa jagi. Namba inayotokea kwenye mizani ndiyo ujazo wa jiwe kwa mililita. Gawa ya kwanza kwa ya pili.

Tuseme jiwe lina gramu 540 na mizani inasoma 211 lilipozamishwa. 540 ÷ 211 = 2.56. Hilo limeziba karibu lote. Likisoma 1.4 au 1.6, vinyweleo vyake vingi viko wazi: ni la juzi, au ni la mwamba wa ufukweni ambao haujabadilika sana.

Jiwe lenye vinyweleo hunywa maji likiwa ndani ya jagi, na ukiona viputo vikipanda ujue namba yako inaharibika. Livishe nailoni nyembamba ya kufungia chakula, iliyobanwa ikatoa hewa, kisha upime upya.

## Hatua ya 6: Fungua dirisha kwa msasa

Kama hatua ya tatu haikukupa jibu, usikate tamaa na wala usikisie. Fungua dirisha.

Chagua upande unaoonekana kuwa kichwa cha tumbawe, yaani ule wa mviringo. Lengo ni uso bapa wa upana wa sentimita 3 tu. Weka msasa namba 120 juu ya kioo, mwagia maji, sugua kwa mzunguko mpaka doa bapa lipatikane. Jiwe la chokaa la ukubwa wa ngumi huchukua dakika 10 hadi 15. Kisha namba 220, dakika tano. Kisha 400. Kisha 800. Kati ya namba moja na nyingine osha jiwe, kioo na mikono. Chembe moja ya namba 120 iliyobaki itachora mikwaruzo ambayo utaiita spoku baadaye.

Daima fanya kazi hii kwa maji. Vumbi kavu la mawe linaharibu mapafu, na la silika ni baya zaidi.

Ukishamaliza lowesha na utazame kwa lenzi. Lenzi ishike karibu kabisa na jicho, kisha lilete jiwe mpaka lionekane vizuri. Wengi huishika lenzi mbali kama wanasoma gazeti, wakaona ukungu tu.

Dirisha likionyesha mistari mirefu inayokwenda sambamba badala ya miduara, hujakosea. Umekata kwa urefu. Hayo ni mabomba ya vikombe yakitazamwa ubavuni, na kati yake mara nyingi kuna sakafu ndogo ndogo za kukingama. Fungua dirisha la pili kwa nyuzi 90 kutoka la kwanza, na miduara itatokea. Ukipata sura zote mbili katika jiwe moja, una ushahidi mzito.

Mafuta ya kupikia hung'arisha picha lakini hupenya na kuacha doa la kudumu. Tumia maji.

## Hatua ya 7: Soma vikombe

Hapa usikimbie. Jiulize mambo matatu kwa mpangilio huu: kikombe kina upana gani, kina ukuta wake au wamechangia na jirani, na spoku ngapi?

Pima vikombe kumi vilivyo kwenye mstari mmoja, kisha gawa kwa kumi. Kimoja peke yake hudanganya, maana cha pembeni huwa kidogo kila mara.

Hesabu spoku za kikombe kilicho wazi kuliko vyote. Matumbawe ya mawe yaliyopo tangu enzi ya Triasiki hadi leo hujenga spoku kwa mafungu ya sita: 6 za kwanza, 6 nyingine kati yake, kisha 12, kisha 24. Ndefu na fupi hupishana. Hutapata hesabu kamili kila mara, kwa kuwa nyingine zimefutika, lakini ule mpishano wa ndefu kwa fupi ukiuona, ni vigumu kuukosea.

Haya ndiyo maumbo unayoweza kukutana nayo.

Vikombe vidogo mno, milimita 1 hadi 1.5, vimebanana kama nguo iliyofumwa. Hili ni kundi la Porites, la mwamba wa ufukweni. Spoku zake 12 zinahitaji lenzi. Bila lenzi utaona ngozi yenye vitundu laini tu, ndiyo maana watu hulichanganya na zege.

Vikombe vya duara vya milimita 5 hadi 15, kila kimoja na ukuta wake, kati yao kuna mfereji. Jamaa wa Favia.

Vikombe vya pembe tano au sita, jirani wamechangia ukuta mmoja. Kwenye mwamba wa ufukweni ni jamaa wa Favites na Goniastrea. Kwenye chokaa ya Jura umbo hili hili ni la akina Isastrea. Kwa hiyo umbo peke yake halitoshi kusema enzi. Rudi kwenye hatua ya 1 na ya 5.

Mabonde yanayozunguka kama ubongo, upana wa milimita 5 hivi. Platygyra na jamaa zake. Spoku hapa hazielekei kituo kimoja. Zinashuka kutoka kingo mbili za bonde kama meno ya chana mbili zinazotazamana.

Tawi la unene wa kidole, kikombe kimoja nchani na vingine vidogo vimezunguka ubavuni. Acropora. Katika kokoto za mto huonekana kama vijiti vilivyovunjika, na kila kijiti kina tundu la kati.

Hakuna ukuta kabisa. Spoku za kikombe kimoja zinatiririka na kuungana na za jirani. Umbo la akina Thamnasteria wa Jura. Hili ndilo linaloponyoka mikononi mwa wengi, kwa sababu macho hutafuta duara na hapa duara halipo. Tafuta vituo, yaani nukta ambako mistari inakusanyika, kama vilima vidogo kwenye ramani.

Koni moja peke yake, kama pia ya kuchezea, spoku nyingi nyembamba juu. Tumbawe la kiumbe mmoja aliyeishi peke yake. Katika Jura, Montlivaltia ni mfano unaojulikana.

Ipo hali moja isiyokuwa na spoku: Tubipora, mabomba mekundu yaliyosimama sambamba, yakiunganishwa na sakafu. Ndugu yake wa karibu si matumbawe ya mawe, ni matumbawe laini. Ukiona wekundu na mabomba, usilikatae.

Chokaa ya Kambe ina shida yake: fuwele za kalisaiti zimekua upya ndani ya mawe mengi zikala spoku. Ukivunja jiwe la namna hiyo, nyuso zake ndogo bapa humetameta juani, na vikombe hubaki kama madoa ya mawingu. Tafuta upande wa nje ulioliwa na maji au kipande kingine cha jiwe hilo hilo. Usipopata spoku hata mbili zinazopishana, andika "huenda ni tumbawe" na uiache hapo. Neno hilo lina heshima kuliko jina la Kilatini lililokisiwa.

## Hatua ya 8: Pambanua na yanayofanana

Murramu. Nyekundu au kahawia, matundu yamepinda na kuungana, haitoi viputo. Matundu yake yamechimbwa na maji na mizizi.

Gome la chokaa ya maji baridi. Huyu ndiye adui mkuu kwenye vijito vya chokaa, kwa sababu siki inamkubali. Maji yenye chokaa yakimwagika kwenye vikwazo huvisha mizizi, matete na majani, kisha mmea huoza na kuacha bomba. Mabomba yanafanana sana na tumbawe! Tazama ndani: bomba ni tupu au lina pete pete, hakuna spoku hata moja, na upana wake hubadilika ovyo. Mara nyingi kuna alama ya jani ubavuni.

Vipande vya chokaa ya mapangoni. Vina pete za kuzunguka kama shina la mti na fuwele zinazotoka katikati kwenda nje. Fuwele hizo watu huziita spoku. Tofauti ni hii: jiwe zima lina kituo kimoja, ilhali tumbawe lina vituo vingi vya ukubwa sawa.

Chokaa ya punje kama mayai ya samaki. Ipo kwenye mwamba wa Kambe. Punje za duara chini ya milimita 2, na kila moja kwa lenzi ina pete kama kitunguu. Pete, si spoku.

Mti uliogeuka jiwe. Jiwe la mchanga la Mazeras lina vipande vya miti ya kale, na vijito vinavyoshuka kutoka huko huvipitisha juu ya chokaa. Ni vigumu, msumari hauvichori, na vina nyuzi za urefu mmoja. Ni kisukuku halali, yaani mabaki ya kiumbe cha kale yaliyogeuka jiwe, ila si tumbawe.

Mfupa. Ngozi ya nje imeshikana na kung'aa, ndani kuna sifongo isiyo na mpangilio.

Zege. Tafuta chembe za mchanga zilizoviringika ndani ya saruji ya kijivu. Viputo vya hewa vya zege ni duara laini vya ukubwa tofauti.

## Hatua ya 9: Uliza limefikaje hapo

Umeona vikombe, spoku zipo, siki imekubali. Bado swali moja. Pwani nzima watu wamejenga kwa mawe ya matumbawe na kuyachoma kupata chokaa kwa karne nyingi. Jiwe la ukuta ulioanguka, mabaki ya tanuri, kokoto za barabara: yote huishia kijitoni.

Dalili za jiwe lililobebwa ni hizi: uzito kwa ujazo chini ya 2, uso mmoja uliochongwa bapa, mabaki ya lipu, weusi wa moto, au matumbawe ya aina ya ufukweni kwenye kijito kisichopita mwamba wa ufukweni. Tafuta ndugu zake. Mwamba ukitoa tumbawe moja hutoa mengi, na kadiri unavyopanda mto ndivyo yanavyokuwa makubwa na yenye kingo kali. Ukitembea mita 200 kwenda juu bila kupata jingine, shaka iongezeke.

Ushahidi bora kuliko wote ni kulikuta tumbawe likiwa bado ndani ya mwamba ukingoni. Hapo huna haja ya kuliokota.

## Hatua ya 10: Piga picha, andika, toa taarifa

Piga picha nne: jiwe mahali lilipokutwa, jiwe kavu pamoja na rula, jiwe lililoloweshwa, na kikombe kimoja kupitia lenzi. Kamera iwekwe juu ya lenzi moja kwa moja na kioo kipanguswe kwanza.

Lebo iandikwe kwa penseli, wino hufutika. Iwe na namba, tarehe, jina la kijito, GPS kwa tarakimu tano baada ya nukta, kama lilikuwa kwenye kokoto au kwenye mwamba, jibu la siki, uzito kwa ujazo, upana wa vikombe na idadi ya spoku. Mfano:

*Na. 7. Kokoto, kona ya ndani. Viputo vingi, laini. 2.56. Vikombe mm 6, ukuta wa pamoja, spoku 24 ndefu na fupi. Mwamba wa chokaa mita 300 juu ya mto.*

Nchini Kenya visukuku vinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na taarifa hupelekwa kwa Makumbusho ya Taifa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na wahusika ni Idara ya Mambo ya Kale. Kuchimba bila kibali au kusafirisha nje ya nchi ni kosa. Kwa hiyo kazi yako kubwa iwe picha na vipimo. Jiwe liache au lirudishe, na lililo ndani ya mwamba usilitoe kamwe.

## Kwa walio Marekani ya Kaskazini

Vijito vya Kentucky, Indiana na Michigan vina matumbawe ya kale zaidi, ya makundi yaliyokwisha kutoweka miaka milioni 252 iliyopita. Pwani yetu hutayapata kwenye miamba iliyotajwa hapa. Kuna matumbawe ya mmoja mmoja yenye umbo la pembe ya ng'ombe iliyopinda, yenye spoku juu. Kuna Favosites, kama sega la nyuki lisilo na spoku za kuonekana kwa urahisi, lakini lina sakafu ukilitazama ubavuni. Na kuna jiwe la Petoskey la Michigan, vikombe vya pembe sita vya tumbawe Hexagonaria, jiwe rasmi la jimbo hilo tangu 1965.

Hatua za 3 hadi 7 zinafanya kazi vile vile, isipokuwa mafungu ya sita: pembe zile ziliongeza spoku katika sehemu nne, hivyo mpangilio una upande wa kushoto na wa kulia. Kwenye hifadhi ya Falls of the Ohio, mkabala na Louisville, kuokota hakuruhusiwi kabisa. Michigan, ardhi ya jimbo, kikomo ni ratili 25 kwa mtu kwa mwaka.